Kisiwa kisichokuwa kwenye jedwali

Usingizi umenipaa. Jioni nilikuwa nikipekua sanduku la makaratasi nikakuta daftari langu la enzi nilipokuwa mtu wa mawasiliano jeshini. Ndani yake kuna jedwali nililolichora kwa penseli na rula kwa ajili ya zoezi moja la ufukweni. Safu ya kwanza: nani. Ya pili: anaongea na nani. Kisha masafa ya redio atakayotumia, masafa ya akiba, na ya mwisho: mawasiliano yakikatika, afanye nini. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyotuchosha kuliko zote. Tuliijaza, tukaifuta, tukaijaza tena.

Wiki nzima nimekuwa nikisoma habari za Bikini, kule Visiwa vya Marshall katika Bahari ya Pasifiki, Wamarekani walikojaribia mabomu ya nyuklia, na kila nikisoma najikuta nalichora kichwani jedwali la mawasiliano la waliopanga majaribio yale. Kazi yao haikuwa ndogo. Katika jaribio la Baker, 25 Julai 1946, bomu lilining'inizwa mita 27 ndani ya maji, chini ya meli LSM-60, likalipuliwa kwa ishara ya redio yenye msimbo iliyotoka kwenye meli Cumberland Sound. Redio yenyewe ndiyo iliyofyatua! Aliyewahi kukaa zamu akasikia mtambo wa jirani ukiingia kwenye masafa yake ataelewa waliopanga walibeba mzigo gani.

Lakini kinachonikesha ni jaribio jingine la hapohapo Bikini, Castle Bravo, 1 Machi 1954. Walitarajia mlipuko wa megatoni 6 hivi (megatoni moja ni sawa na tani milioni moja za baruti ya TNT), ikatoka 15. Wafyatuaji tisa wa bomu walikuwa wamejifungia ndani ya handaki la zege kwenye kisiwa cha Enyu, upande wa pili wa duara la visiwa vya Bikini. Vumbi la mionzi likawazingira, wakabaki humo wakiwasiliana na meli kwa redio, hadi alasiri helikopta zilipowafuata. Walitoka wamejifunika mashuka. Hapo safu ya mwisho ilikuwa imejazwa.

Kwenye kisiwa cha Rongerik, zaidi ya kilomita 200 mashariki, walikuwapo Wamarekani 28 wakipima hali ya hewa. Vumbi lilipowafikia, mshale wa kipimo chao cha mionzi ulifika mwisho ukakwama. Wakaita kwa redio. Kesho yake ndege zikawachukua wote.

Sasa tazama ramani. Kisiwa cha Rongelap kiko katikati ya Bikini na Rongerik, yaani karibu zaidi na mlipuko kuliko wale waliopima hali ya hewa. Walikuwapo wenyeji 64, wakiwamo watoto. Mwaka 1946 walihamishwa kabla ya majaribio. Safari hii hawakuhamishwa, na onyo hawakupewa. Saa chache baada ya mlipuko unga mweupe ukaanza kuwaangukia, ukaingia kwenye maji ya kunywa, watoto wakauchezea. Manowari ya Kimarekani Philip ilifika kuwachukua asubuhi ya tarehe 3, siku mbili nzima baadaye. Nimelirudia hili mara nyingi kwa sababu nalijua jedwali linavyotengenezwa. Mtu hasahauliki kwa bahati mbaya. Unaanza na orodha ya wale unaohitaji kuwasikia, na asiyemo hapo hapewi masafa, hapewi saa, wala hakuna anayeandika afanye nini mambo yakiharibika. Waliopanga walikuwa mabingwa wa kazi yangu. Ndiyo maana inaniuma.

Halafu yupo Aikichi Kuboyama, mwendesha redio wa meli ya wavuvi wa Kijapani, Daigo Fukuryu Maru. Walikuwa watu 23, nje ya eneo la hatari lililotangazwa. Wao mtambo walikuwa nao. Hawakuita. Walihofia kwamba wakirusha neno hewani Wamarekani watawasikia na kujua kuna watu walioona. Wakakaa kimya, wakakusanya kamba zao za kuvulia, wakageuza meli, wakafika bandari ya Yaizu, Japani, tarehe 14 Machi wakiwa na ngozi zilizoungua. Kuboyama alifariki 23 Septemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 40.

Nimekaa zamu nyingi za alfajiri, mkono kwenye kitufe cha kurushia. Nimejaribu kujiweka mahali pake, vumbi likidondoka juu ya sitaha, mtambo umewaka mbele yangu, na wanaosikiliza ni walewale waliolipua. Sioni ningemwita nani.