Ratiba mbili za usiku mmoja

Saa 11 alfajiri. Adhana imetoka kwa wakati wake, dakika na sekunde. Nikishaisikia ndiyo nafunga kanga nikatafute daladala.

Mimi ni mpangaji wa vipindi katika redio moja hapa Unguja inayopiga taarab asilia. Sauti yangu huijui, maana mimi si mtangazaji. Watu wanadhani mtu anaweka wimbo, ukiisha anaweka mwingine. Laiti!

Saa 1 hadi saa 5: habari, matangazo, chai, mkutano, chai tena.

Leo ni mwezi 29 Shaabani, kwa hiyo nina ratiba mbili mezani. Mwezi ukiandama, taarab inakwenda kabatini mpaka Iddi, zinaingia Qur'ani, kaswida na darsa, na wa zamu anabaki mpaka daku. Usipoandama, taarab ya saa 3 usiku iko pale pale. Sitojua nitumie ipi mpaka jua lizame.

Kupanga ni kujaza mapengo. Mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba kama dakika tatu tu, basi pengo la dakika tatu kabla ya habari ni la Siti. Nyimbo za kikundi cha Ikhwani Safaa zilizorekodiwa jukwaani hupita dakika kumi, hizo ni wageni wa kutandikiwa kitanda. Bashraf ni ala tupu, haina maneno, naikata popote bila kesi.

Saa 6 na dakika 50 linaingia tangazo la kifo, maziko baada ya alasiri. Maiti hasubiri ala za taarab, kanuni wala udi. Natoa wimbo mmoja, naingiza Siti, nakula maandazi nimesimama.

Saa 8 simu inalia. Najua ni nani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani kaukata wimbo jana?"

Huyu mzee hupiga karibu kila siku tangu kipindi kihamishwe kutoka saa 2 kwenda saa 3 kwa ajili ya mpira. Kwanza alilalamika kwamba saa 3 yeye keshalala. Halafu akasema halali tena, na kosa ni letu. Leo amekuja na jipya: jana wimbo ulififishwa ubeti wa tatu, mtangazaji akaingia na salamu za wasikilizaji.

"Mwanangu, ubeti wa tatu mtu bado analalamika tu. Jibu liko la mwisho. Nyinyi mmemwacha analia barazani, mmefunga mlango!"

Akaanza kuniimbia ubeti wenyewe. Akausahau katikati, akaurudia toka mwanzo. Simu ya pili inalia, fundi mitambo ananionyesha saa kupitia kioo, nami nimeshika sikio kama mtoto wa chuoni. Dakika ishirini na mbili, nilizihesabu, ndiyo kazi yangu. Akanihadithia usiku aliousikia wimbo ule ukipigwa mbele yake, yeye kijana, fidla nne, viti havitoshi. Sikumwambia kwamba aliyeukata ni mimi. Zilikuwa zimezidi sekunde arubaini.

"Leo nitakupigia wote, babu, mwezi usipoandama."

"Ala! Hata mwezi mmeutia kwenye ratiba?"

Baada ya hapo saa sikuziangalia vizuri. Kompyuta iligoma, ikarudi. Tangazo la duka likaletwa limechelewa na mwenyewe anataka litoke kabla ya magharibi. Miguu ilivimba. Nikaswali, nikarudi, tukakaa watu wanne tukiitazama simu moja. Hewani, bashraf. Ikaisha, nikaweka nyingine. Mtangazaji akauliza kama tunazo za kutosha, nikamwambia akae kimya.

Taarifa ikaja saa 3 kasoro dakika sita: mwezi umeonekana. Nikaivuta ratiba ya Ramadhani, fundi akaitafuta Qur'ani, na hewani hapakupita hata sekunde mbili za kimya. Nani atalijua hilo?

Simu ikalia.

"Ramadhani karimu, babu."

"Allahu akram." Akanyamaza kidogo. "Basi niwekee Iddi mosi. Lakini wote."

Nikaigeuza ratiba iliyokufa, nikaandika nyuma yake: Iddi mosi, dakika 11 na sekunde 20, usikatwe.