Wa wapi huyo?

Kama ulikuwa Unguja mwaka 2020 utakumbuka. Mtu anakuja barazani simu mkononi, hata salamu hajamaliza anasema jamani wametangaza tena wagonjwa wa korona. Hakuna anouliza wangapi. Watu wote kwa pamoja, wa wapi hao? Wa Jang'ombe? Wa Fuoni? Wageni au wenyeji? Akishajibiwa hapo ndo mtu anajua aogope au amalizie kahawa yake.

Mie nlikuwa nnayasikia yote hayo mana barazani nlikuwepo toka asubuhi mpaka adhana ya magharibi, kazi hakuna. Nlikuwa jikoni kwenye hoteli moja ya Kiwengwa, na anoijua Kiwengwa anawajua wageni wake, Wataliana, mpaka watoto wa ufukweni wanakijua Kitaliana kuliko Kiingereza. Basi mwezi wa 3 tuko jikoni nyuma tunamenya viazi, tv ya wafanyakazi inaonyesha Italia, hospitali zimejaa, namba zinapanda kila siku na mie nnaziangalia kama mtu anavoangalia matokeo ya mpira wa ligi asoishabikia. Mwenzetu mmoja akaacha kisu akasema, hawa si ndo tuliowapikia juzi? Hakuna alomjibu. Tukaendelea na viazi. Haikuchukua muda ndege za Italia zikazuiwa kuja, halafu zikafuata za watalii wote, na sisi tukaambiwa tukapumzike nyumbani kwa nusu mshahara. Hio nusu nliiona mwezi mmoja. Mwezi wa pili nkapiga simu nkaambiwa mtandao wa benki unasumbua, nadhani mpaka leo unasumbua.

Sasa wa kwanza kabisa Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi, mama mmoja Mtanzania alietoka Ubelgiji akashukia Arusha. Siku mbili baadae Waziri Mkuu akatangaza wawili wengine, Mmarekani yupo Dar na Mjerumani wa miaka 24 yupo Zanzibar. Unajua barazani walisemaje? Walishusha pumzi. Aah, mzungu! Kama vile virusi vinaangalia paspoti. Mzee mmoja fundi viatu akasema maradhi ya ndege hayo, sisi wa daladala hayatuhusu, watu wakacheka na mie nkacheka, wakati miye ndo nlokuwa nnawabebea sahani hao wa ndege kila siku.

Kicheko kilikatika lilipoanza kutoka tangazo la Mtanzania, halafu Mtanzania mwengine, halafu Mtanzania tu hakuna mzungu hata mmoja. Kisiwa hichi kidogo, tangazo linakupa umri na uraia, baraza inamalizia ilobaki. Miaka arubaini na kitu mwanamme? Si yule mwenye duka la simu, alirudi Dubai mwezi ulopita? Dakika kumi nyingi, mtu keshapewa jina, nyumba na mke. Mara nyingi walikosea. Wallahi kuna mtu wa mtaa wetu alipewa ugonjwa mara tatu na mara zote tatu alikuwa ndani kwake analala tu, hana kazi kama mie.

Lokidauni yetu nayo ilikuwa ya nusu nusu. Skuli zimefungwa, hoteli zimefungwa, harusi za mkusanyiko hakuna, lakini Darajani ukienda kununua samaki unapigana vikumbo vilevile, tofauti tu kuna ndoo ya maji na sabuni kila mlango wa duka na barakoa zimening'inia kidevuni. Na hili neno barakoa lilimchekesha sana mama yangu. Yeye barakoa anoijua ni ile walokuwa wakivaa mabibi wa zamani usoni, yenye nakshi. Akasema na sie leo tumekuwa mabibi wa kasri, fundi wa Kijangwani anatushonea barakoa za kitenge.

Mama simu kubwa hataki kuisikia. Jikoni kwetu kuna kalenda, zile wanazogawa maduka mwisho wa mwaka, ya mwezi wa kizungu na wa kiislamu pamoja, na yeye alikuwa akiandika humo siku alobadilisha mtungi wa gesi na siku ya mchezo wa upatu. Mwezi wa 4 akanambia mwanangu na wewe huna kazi, niandikie humo wamefika wangapi kila siku. Basi nkawa naandika kwa peni nyekundu, chini ya tarehe, za Tanzania yote na za kwetu pembeni. Kila jioni anakuja kusimama mbele ya kalenda na mwiko mkononi. Hana anachosema. Anaangalia, anarudi kwenye chungu.

Aprili 22 nliandika 284. Baada ya hapo hesabu ya nchi nzima ikakaa kimya wiki, na Ramadhani ikaingia katikati ya kimya hicho. Wa barazani wengi wakafurahi, wakasema umeona, mwezi mtukufu umeingia na maradhi yamekimbia. Halafu tarehe 29 Waziri Mkuu akasimama, 480. Vifo 16. Nakumbuka nliandika ile 480 peni ikatoboa karatasi. Mana kupanda kidogo kidogo unazoea, leo tano kesho saba, lakini kutoka 284 kulala kuamka ukakuta 480, hapo hata yule fundi viatu aliacha maneno yake ya ndege, siku ile alifunga kibanda mapema, akasema anakwenda kufuturu kwake. Saa tisa na nusu.

Na wiki hiohio ndo ilotokea ya jirani yetu wa mikate.

Huyu mama anapika mkate wa kumimina. Watu wa mjini wanaupika wengi lakini wake una sifa yake, wa mchele na nazi, hiliki haizidi, juu umepata rangi sawasawa mana makaa ya juu anayapanga mwenyewe hamwachii mtu. Ramadhani ikifika ukichelewa alasiri huupati. Sasa usiku mmoja baada ya daku ikaja gari ya wagonjwa mlangoni kwake, wakashuka watu wawili wamevaa magauni meupe na glavu na miwani, wakamchukua mumewe. Hakukuwa na king'ora, taa tu ile inazunguka, bluu kwenye ukuta wa kwetu, bluu kwenye ukuta wa mbele. Madirisha yote ya mtaa yalikuwa na watu nyuma ya pazia, najua kwa sababu na mie nlikuwa nyuma ya pazia.

Asubuhi hakuna alouliza wa wapi. Tulikuwa tunajua wa wapi. Wa hapa. Kila mtu anasema kapelekwa Kidimni, mana kule ndo walikowekwa wagonjwa wa korona, na hakuna hata mmoja alokwenda kumuuliza mwenyewe mke wa mtu.

Alasiri yule mama akatoa mikate yake barazani kama kawaida. Sinia mbili, juu kafunika kawa. Watu wanapita upande wa pili wa njia. Watoto waliokuwa wakigombania foleni wameitwa ndani. Ilipokaribia saa kumi na mbili mama yangu akanipa hela, nenda kanunue miwili. Nkenda. Akanikatia karatasi, akanifungia, mikono yake inatetemeka na mie nimesimama mbali hatua mbili, nimenyoosha mkono kama nnampa paka chakula. Akanambia mwanangu, ni presha tu. Nkasema inshaallah atapona. Nkarudi mbio.

Mikate ile ilikaa juu ya kabati. Tulifuturu tende, uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, na kila mmoja anaiona na hakuna aloitaja. Mama aliinunua kwa ajili ya uso wa mtu, lakini kula hakula. Kesho yake sikuikuta juu ya kabati na sikuuliza, ila kuku wa nyumba ya nyuma walikuwa na chakula cha watu siku ile. Mzee alirudi baada ya siku nne kwa miguu yake, kashika mfuko wa dawa za presha. Yule mama mikate hakutoa tena Ramadhani ile. Mwaka uliofuata alipoanza tena mie nlikuwa wa mwanzo kwenda, na nlikula palepale nimesimama mbele yake, wa moto unaunguza ulimi, na hakunisifu wala hakunilaumu, alichukua hela yake akanipa chenji.

Mei 3 ndo likaja la papai. Rais Magufuli alisema sampuli za papai, mbuzi, kware, mpaka oili ya gari zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na nyengine zikatoka zina korona. Uwo mtaa ulivolipuka sijawahi kuona. Muuza matunda pale njia panda alichoka kutaniwa, kila anopita anamuuliza papai zako zimejitenga siku kumi na nne? Lakini ukisikiliza vizuri ndani ya kicheko kuna mambo mawili. Kuna waliocheka kwa sababu wamepata ruhusa ya kutoogopa, kama namba ni za mapapai basi mie mzima. Na kuna waliocheka halafu wakanyamaza ghafla, mana kama kipimo hakiaminiki basi hata yule aloambiwa hana, hatujui. Mie nlikuwa kundi la kwanza mchana na kundi la pili usiku.

Huku Zanzibar wizara iliendelea kutangaza siku chache zaidi. Mei 7 wakatoka 29 wapya, jumla yetu 134, na ukijumlisha na za Bara inakuja 509. Nkaandika. Kesho yake nkasubiri. Kesho kutwa nkasubiri.

Mama akaja na mwiko wake akasimama mbele ya kalenda.

Leo hujaandika.

Hawajatangaza mama.

Na jana?

Na jana hawajatangaza.

Basi andika sifuri.

Nkamwambia mama siwezi kuandika sifuri, sifuri ni namba, hii si namba. Akaniangalia kama nnamfanyia jeuri. Akasema kama si namba ni nini? Sikuwa na jibu na muhogo ulikuwa unaungua akaondoka.

Visanduku vikabaki vitupu mpaka mwisho wa mwezi, mpaka Idi, mpaka kalenda ikaisha. Barazani walisema alhamdulillahi imekwisha, na sikatai, furaha ilikuwepo, watu walikuwa na njaa, hoteli zimefungwa na kisiwa hichi mwaka wa nyuma yake kilipata watalii zaidi ya laki tano, sasa unaambiwa hakuna hata mmoja, mtu wa hivo umpe namba ya nini, mpe kazi. Tarehe 6 Juni Serikali ikafungua utalii na mwisho wa mwaka mie nkarudi jikoni, safari hii si Wataliana tena ila Warusi, kiazi kilekile kisu kilekile.

Lakini mama hakuacha kuhesabu. Alihamia kwenye redio. Matangazo ya vifo, kila mtu wa hapa anayajua, ukoo wa fulani unasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, maziko saa saba mchana kijijini fulani, habari ziwafikie jamaa walioko Wete, walioko Makunduchi, walioko Tanga. Zamani alikuwa anasikiliza aone kama kuna anemjua. Sasa akawa anasikiliza yote, kakaa kwenye kibao cha mbuzi kasita kukuna nazi, kidole kimoja kimoja kinakunjwa. Sisemi kwamba vilizidi, mie sikuwa nahesabu kabla, yeye pia hakuwa anahesabu kabla. Redio inakwambia jina, inakwambia ukoo, inakwambia pa kuzikwa. Ugonjwa haisemi, na haijawahi kusema toka tumezaliwa, ni adabu yake. Lakini yeye mama kila tangazo likiisha anauliza hewa, alikuwa na nini huyo?

Halafu ikaja Januari 2021, tarehe 31. Namba hakuna miezi minane sasa, neno lenyewe watu wanalikwepa, mtu akikohoa anasema changamoto ya kupumua. Chama cha ACT Wazalendo kikatoa taarifa kwamba Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ana korona, na mkewe pia. Kwa jina la maradhi, bila kuzunguka. Nlikuwa kazini Kiwengwa, simu ya mama ikaita, ile ndogo ya vidole.

Umesikia? 

Nimesikia mama.

Akakaa kimya muda mpaka nkadhani hela imemwishia. Mie hapo namuona kwa akili kabisa, kasimama mbele ya kalenda mpya na mwiko. Akasema, niandike moja?

Nkamwambia andika.

Tarehe 17 Februari akafariki Muhimbili, akaja kusaliwa Mnazi Mmoja, wakampeleka kwao Pemba, Mtambwe. Barazani siku ile walijaa na hakuna alouliza chochote. Jioni nliporudi nyumbani nkapita jikoni, kwenye ile 31 ya Januari kuna moja kubwa, ya mkono wa mama, imepinda, kwa peni nyekundu.