Mtoto wa Mwanga kanunua mwanga

Aliyekulia Kigoma mjini haelekezwi Mwanga ni wapi. Ni soko, ni daladala za Ujiji, ni vumbi la kiangazi na harufu ya dagaa inayokuganda kwenye shati mpaka nyumbani. Mimi nimezaliwa hapo. Leo huu ni mwaka wangu wa sita Winnipeg, Kanada, na Novemba moja nilijikuta dukani nimeshika boksi la taa, nasoma maandishi ya ubavuni nijue inatoa mwanga kiasi gani, kisa mchicha. Nilipomsimulia mama kwenye simu alicheka mpaka ikamponyoka. Nilimsikia kwa mbali akimwambia jirani: "Mtoto wa Mwanga kanunua mwanga!"

Msidhani huku hakuna mboga. Zipo, mwaka mzima. Kuna spinachi ya pakiti iliyokwisha kuoshwa, vijani vidogo kama masikio ya paka. Unajaza sufuria mpaka mfuniko unakataa, dakika mbili baadaye umebaki na kijiko kimoja cha maji ya kijani. Kabeji ipo. Kisamvu kinapatikana kwenye duka la Kiafrika, kimegandishwa kama tofali. Mawese nayo yapo, ila kwa baridi hii yanakuwa magumu kama sabuni ya mche, unayakata kwa kisu. Nilichokosa ni lengalenga, yaani mchicha wetu, iliyochumwa sasa hivi, ile ambayo bado ina umande ukiikatakata, na matembele. Bibi yangu alilima bonde la Luiche, nyuma ya Ujiji, na mchicha kwake haukuwa hata zao. Ulijiotea wenyewe kando ya mahindi. Tulitumwa kuung'oa tukiwa tunaenda kuoga mtoni.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza nilifanya kama mtu wa Luiche. Nilinunua mbegu duka la Wahindi, nikatoboa makopo ya aiskrimu kwa msumari wa moto, nikajaza udongo, nikapanga dirishani. Mbegu ziliota siku ya nne. Nikapiga picha, nikatuma kwenye kundi la familia, nikapokea pongezi. Baada ya wiki moja miche ilikuwa mirefu, myeupe, myembamba kama uzi wa kushonea, yote imelalia upande wa kioo. Asubuhi moja ya Desemba nikakuta majani yaliyogusa kioo yameganda. Ukiyashika yanavunjika kwa mlio mdogo. Nje ilikuwa nyuzi 27 chini ya sifuri. Huku watu wanachomeka magari kwenye umeme usiku ili injini iwake asubuhi, na mimi nilikuwa nimeegesha mchicha dirishani.

Nilidhani adui ni baridi. Lakini ndani ya nyumba kuna joto, nyuzi 21 mchana na usiku, zaidi ya asubuhi nyingi za Kasulu. Adui ni giza. Ukizaliwa nyuzi 5 kusini mwa ikweta hujawahi kuwaza kuhusu urefu wa siku, maana kwetu Kigoma jua linatoka karibu saa moja asubuhi na linazama karibu saa moja jioni, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki saa moja. Winnipeg iko karibu nyuzi 50 kaskazini. Desemba jua linatoka saa mbili na zaidi asubuhi, linapita pembeni pembeni kama mgeni asiyetaka kukaribishwa, na saa kumi na nusu limeshazama. Unatoka kazini usiku. Saa nane za mwanga dhaifu kama ule, mchicha utakula nini?

Basi ndiyo nikanunua taa. Ya kwanza nilikosea, nilichukua ile ya rangi ya zambarau kwa sababu boksi lilikuwa na picha ya nyanya nyekundu. Mama alipoiona kwenye video alinyamaza kwanza. Kisha akaniuliza kama chumba hicho nalala na mke wangu au kuna mganga. Mnajua kwetu mwanga ni mtaa, ni nuru, na pia ni yule anayezunguka usiku bila nguo juu ya paa za watu. "Sasa umekamilisha zote tatu," akasema.

Taa hiyo niliiwasha kwa muda wa saa mbili tu baada ya jua kuzama, nikiona ninabana matumizi. Mchicha ulinyooka, ukanenepa shina, na ukiwa urefu wa shubiri moja ukatoa maua. Wote! Nikadhani mbegu mbovu. Baadaye nikaelewa kwamba aina nyingi za mchicha, zikiona siku ni fupi, hukimbilia kuzaa. Mmea unaona mwaka unaisha, unaamua bora ukaache watoto kuliko kuongeza majani. Dawa ni kuudanganya: taa nyeupe za kawaida za LED, sentimita 20 juu ya majani, zinawaka saa 15 kwa siku kwa swichi ya saa inayojiwasha na kujizima yenyewe. Huna haja ya taa za bei mbaya. Ukiona shina linarefuka haraka bila majani, shusha taa karibu. Kingine, LED hazitoi joto la maana, kwa hiyo mbegu mpya naziweka kwanza juu ya friji kwenye uvuguvugu mpaka zichipue. Mchicha hautaki udongo baridi.

Swali la mama baada ya hapo lilikuwa moja: umeme unalipa nani? Kwa mtu wa Kigoma hilo si swali dogo. Miaka mingi tuliishi kwa majenereta ya dizeli, tunajua mlio wa umeme kurudi kuliko tunavyojua honi ya treni. Nikampigia hesabu. Taa zangu ni wati 40, kwa saa 15 ni uniti 0.6 kwa siku, uniti 18 kwa mwezi. Manitoba umeme unatoka kwenye mito na uniti moja ni karibu senti 10, kwa hiyo dola moja na senti themanini hivi kwa mwezi. Akatafakari. "Yaani mchicha una LUKU yake." Tangu siku hiyo, nikipiga simu Jumamosi, kwangu saa tano asubuhi na kwake saa mbili usiku, anaanza na habari za mke wangu, anafuata na "na LUKU ya mchicha haijakata?"

Ile taa ya zambarau haikuniacha salama. Niliihamishia chumba cha pili kwa ajili ya pilipili, dirisha linatazama barabarani, pazia jembamba. Siku ya tatu msimamizi wa jengo akabisha hodi, uso umekaza, anasema ni ukaguzi wa bomba. Hakutazama bomba hata moja. Alikwenda moja kwa moja chumba cha pili. Bangi ni halali Kanada tangu 2018, lakini Manitoba wakati huo ilikuwa hairuhusu mtu kuiotesha nyumbani, na mwanga wa zambarau dirishani usiku, nyumba ya mtu mweusi, mzee alishakamilisha hadithi yake kichwani. Alikuta makopo ya aiskrimu yenye pilipili na mchicha. Akachuma jani, akalinusa, akalirudisha juu ya udongo taratibu kana kwamba litajishikiza tena. Hakuomba radhi. Aliniambia nisimwagilie sana, sakafu ni ya mbao.

Kwa hilo alikuwa sahihi, tena si kwa sababu ya sakafu. Sisi tumezoea kumwagilia kwa ndoo na jua linakausha jioni ileile. Ndani ya nyumba maji hayaendi popote. Mwezi wa pili walizaliwa vijidudu vyeusi mfano wa visubi, wakawa wanaingia kwenye chai. Mayai yao yako kwenye udongo wa juu uliolowa. Sasa naacha udongo ukauke kidole kizima, maji naweka kwenye sahani chini ya kopo yapande yenyewe, na karatasi za njano zenye gundi nimezisimamisha katikati ya miche. Walipopungua wakaja utitiri, maana hewa ya nyumba yenye hita ni kavu mpaka midomo inapasuka, na utitiri unapenda ukavu. Hao dawa yao ni bafuni. Kila Jumapili naingia na makopo yangu, nayaogesha upande wa chini wa majani. Bamia nilijaribu, sitazungumzia bamia.

Matembele ndiyo yaliyonipa heshima. Viazi vitamu vingi vya dukani vimewekewa dawa visichipue, nikapata vya kilimo hai, nikakitumbukiza kimoja nusu kwenye glasi ya maji, nikakiweka karibu na hita. Wiki tatu kimya. Ya nne kikatoa macho ya zambarau, halafu vikonyo vinne kwa mpigo, na kutoka hapo kikawa hakishikiki. Marando yalipanda kwenye waya wa pazia. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa Kifilipino. Siku moja mlango ulikuwa wazi, akaona, akasimama pale pale kizingitini na mifuko yake ya sokoni akatamka neno la kwao ambalo sikulielewa, kisha akaonyesha kwa vidole kuchuma na kupeleka mdomoni. Kumbe kwao matembele ni mboga ya kila siku, wanayachemsha kidogo wanayala na siki na nyanya. Nilimkatia rando tano. Yeye akaniletea samaki. Sikuwa nimebadilishana mboga na samaki tangu nilipoondoka Kibirizi, mwalo wa wavuvi kule Kigoma.

Mke wangu anaangalia haya yote akiwa amekunja mikono. Yeye ni wa Tabora, na watu wa Tabora wana kiangazi kirefu kuliko chetu, tena hawana ziwa. Kwao majani ya kunde yanachemshwa masika ikiisha, yanaanikwa, yanahifadhiwa. Hiyo ndiyo nsansa. Viazi vinakatwa michembe. "Kila mahali kuna msimu usio na mboga," ananiambia, "wenye akili wanakausha, nyie watu wa ziwani mnawasha taa." Safari ya mwisho alirudi na kilo mbili za nsansa, akaziandika kwenye fomu ya forodha bila kujificha, afisa akafungua, akatazama, akafunga. Akiipika na karanga mimi nanyamaza na kula. Ila nimeona akichuma mchicha wangu akidhani nimelala.

Nikifanya hesabu ya haki, simshindi muuza mboga wa soko la Mwanga. Makopo kumi na mawili yananipa sufuria moja ya kushiba watu wawili kila baada ya siku kumi hivi. Taa, udongo, mbegu na ile glasi niliyovunja, ni zaidi ya dola 100. Fungu la jero lingekuwa kubwa kuliko mavuno yangu.

Jumamosi iliyopita nilimzungusha mama kwenye video, nikamwonyesha swichi inavyojizima yenyewe. Akaitazama kwa makini, akaniambia nisogeze simu. Akauliza kama nikija na taa hizo Kigoma zitafaa kwa vifaranga, maana Juni usiku vinamfia. Nikamweleza kwamba hizi hazitoi joto, zinatoa mwanga tu.

"Basi hazina kazi," akasema, akaniuliza mke wangu yuko wapi.