Mama Pamoja na Makinda

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Andiko la juma hili ni Kumbukumbu la Torati 22:6-7, tulisome pamoja na Zaburi 104 kuanzia mstari wa 25. Zaburi inatazama maji makubwa yaliyojaa viumbe wasiohesabika, wadogo kwa wakubwa, wote wakimngojea Mungu awape chakula kwa wakati wake. Torati yenyewe inainama hadi kwenye kiota kimoja kando ya njia: ukimkuta ndege ameatamia, usimtwae mama pamoja na makinda.

Ziwa letu, Viktoria, lina viota pia, na lina namna yake ya kulisha. Tuanze na wadogo.

Chota maji ya ziwa kwa chupa safi ukiwa ndani ya mtumbwi au kwenye gati. Usiingie majini kwa miguu, kichocho kiko palepale ufukweni. Iache chupa itulie dakika tano, kisha iinue kuelekea kwenye mwanga. Ule ukijani ni mwani, mimea midogo isiyo na mizizi inayojitengenezea chakula kwa jua. Vile vidoa vyeupe vinavyoruka kwa kushtukashtuka ni vijidudu vinavyokula mwani. Dagaa anakula vijidudu hivyo, pamoja na mabuu ya wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi mwezi unapoandama. Sangara mchanga naye huanza kwa vijidudu, akikua kidogo huingia kwenye uduvi wa ziwani, halafu dagaa, furu (samaki wadogo wa asili wa ziwa hili), na hata watoto wa sangara wenzake.

Kila chakula kinapopanda ngazi moja, sehemu kubwa huishia kwenye kupumua, kuogelea na kutoa taka. Kwa makadirio ya kawaida, hubaki kama sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo kilo 5 za sangara zimejengwa kwa takriban kilo 50 za dagaa. Dagaa hao kwa kilo 500 za vijidudu. Na vijidudu hivyo kwa tani 5 za mwani ambao hakuna aliyeupanda wala kuupalilia. Hayo ndiyo yanayolala kwenye beseni moja pale mwaloni Kirumba, sokoni kwa samaki jijini Mwanza. Sangara akiachwa juani mpaka akaoza, hasara yake ni kubwa kuliko bei aliyopoteza muuzaji.

Mchana vijidudu vingi hushuka kwenye giza la chini, na usiku hupanda. Dagaa huwafuata. Ndiyo maana wavuvi hutoka na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa wengi hutundika nyavu, kwa sababu taa haiwezi kushindana na mwezi. Mzaburi aliposema chakula huja kwa wakati wake, wavuvi wa dagaa wanaelewa bila kufafanuliwa.

Sasa turudi kwenye kiota.

Dume la sato huchimba shimo la duara kwenye mchanga au tope la maji mafupi, mfano wa bakuli. Jike huja na kutaga humo. Mara tu mayai yanaporutubishwa, huyakusanya yote kinywani na kuondoka. Yai moja ni kama punje ya uwele, lina rangi ya manjano inayokaribia ile ya kiini cha yai la kuku, na kinywa kimoja hubeba mamia, pengine zaidi ya elfu moja kama jike ni kubwa. Taya la chini huvimba. Ukimtazama kwa karibu utaona mashavu yakicheza muda wote: anayageuza mayai ili kila moja lipate maji yenye hewa. Yasipogeuzwa huota ukungu na kufa. Mayai huanguliwa ndani ya siku chache, lakini watoto hubaki mdomoni mpaka wamalize kiini kilicho tumboni mwao. Kwa jumla ni kama wiki mbili, na siku zote hizo mama karibu hali kitu. Hata baada ya kuwatoa, hatari ikitokea hufungua kinywa nao hukimbilia ndani.

Huyu ameatamia, wapendwa, kama yule ndege wa Torati.

Kokoro, ule wavu mrefu wa kuburuta, linapovutwa kwenye maji hayo mafupi, vyuma vyake vya uzito hufukia viota na mfuko wake hubeba kila kitu. Jike aliyebanwa hutema mayai kwa mshtuko, na yaliyomwagika mchangani hayana tena wa kuyageuza. Ukimkuta sato sokoni na kinywa kitupu, usidhani hakuwa na kitu. Torati haikukataza kula ndege wala makinda; uzito wa amri uko kwenye neno "pamoja". Chakula cha leo na cha mwakani visitwaliwe kwa mvuto mmoja. Kokoro hufanya hivyo hasa, na kwa maoni yetu Mkristo hawezi kumiliki kokoro kwa dhamiri safi, hata kama fungu la kumi analitoa kwa uaminifu. Timba, wavu wa uzi mmoja mwembamba, nayo ina ubaya wake: uzi wake wa plastiki hauozi upesi, na wavu uliopotea huendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewavua.

Furu walitufundisha jambo hili kwa uchungu. Walikuwa zaidi ya aina 500, wengine wakila konokono, wengine mwani, wengine vijidudu, na majike yao pia huatamia mdomoni, mayai machache machache. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka miaka ya 1980, furu wengi walitoweka Ghuba ya Mwanza ndani ya miaka michache. Sangara mkubwa jike hutaga mamilioni ya mayai, huyamwaga majini na kwenda zake. Mwenye mayai machache hawezi kuhimili kuliwa kwa kasi hiyo. Baadhi ya furu wamerudi, hasa wanaokula vijidudu. Aina nyingi hazijaonekana tena.

Utii hapa hupimwa kwa rula. Mlaze samaki kwenye ubao, pima kwa mstari ulionyooka kutoka ncha ya mdomo mpaka mwisho wa mkia, usilifuate tumbo. Sangara asipungue sentimita 50, sato asipungue 25. Sangara jike huchelewa kupevuka kuliko dume, hivyo ukimvua mdogo umemtoa kabla hajataga hata mara moja. Mama mwenye kununua ana nguvu kuliko doria: samaki asiye na mnunuzi havuliwi mara ya pili. Na mwenye shamba kando ya maji aiache ile mita 60 ambayo Sheria ya Mazingira ya 2004 inaitaja. Matete na mafunjo yaliyomo ndimo vichanga hujificha, nayo huchuja udongo na mbolea.

Mbolea na majitaka vikizidi, mwani huzidi pia. Usiku mwani haupati jua, lakini unaendelea kupumua, kwa hiyo hewa ndani ya maji hupungua kabisa kabla ya mapambazuko. Wenye vizimba vya kufugia samaki wakiona samaki wanahema juu ya maji alfajiri, wasiwape chakula asubuhi hiyo. Samaki anayemeng'enya huhitaji hewa zaidi. Wasubiri jua lipande na samaki watulie.

Tuombe.

Ee Bwana, uwalinde wavuvi walioko ziwani usiku huu, upepo usiwapindue na taa zao zisizime. Wape kiasi kinachowatosha watoto wao. Utupe ujasiri wa kulirudisha kokoro lililoko ghalani mwa ndugu yetu, na tumsaidie kupata wavu mwingine ili asilale njaa. Uwakumbuke na mama wa sato walio kwenye maji mafupi ya Ghuba, wenye vinywa vilivyojaa na matumbo matupu, mpaka siku yao ya kufungua. Amina.