Jumapili nne za kuzunguka koni mbili

Maneno ya drifti, yaani kutelezesha gari kwa makusudi, niliyajua yote kabla sijatelezesha hata mita moja. Andastia: umekata usukani lakini tairi za mbele hazishiki, gari linakwenda moja kwa moja kama halijakusikia. Ovastia: nyuma inatoka, inataka kuipita mbele. Kaunta: kugeuzia usukani upande ule nyuma inakokimbilia. Nilishaangalia video za Mjapani Keiichi Tsuchiya, dereva maarufu wa drifti, na Toyota AE86 yake mpaka nikajiona nimehitimu.

Gari langu ni Altezza ya mtumba, gia za mkono, inasukumwa na tairi za nyuma. Hilo la nyuma ndilo muhimu. Wenye gari za kusukumwa na tairi za mbele hutegemea zaidi hendibreki, na ukishaiachia, mtelezo wenyewe wa drifti unakwisha.

Tulipewa ruhusa ya kutumia yadi ya malori nje ya Kibaha siku za Jumapili, sehemu pana isiyo na ukuta karibu wala watu. Barabarani sijawahi kujaribu na sijaribu. Fundi wangu alimwaga maji chini, akasimamisha koni moja. "Dogo, mambo ya kona sahau. Zunguka hapo tu."

Gia ya kwanza, kata usukani, kanyaga klachi, pandisha moto, achia klachi ghafla. Nyuma ikatoka kweli. Mimi nikazunguka kama pia na kusimama nikitazama nilikotoka. Mara ya pili hivyohivyo. Ya tano nilishtuka nikaachia mafuta, na hapo nikaijua adhabu yake: tairi za nyuma zilishika ghafla wakati usukani bado uko kwenye kaunta, gari likarushwa upande wa pili, chupa yangu ya maji ikagonga kioo.

Fundi alikuja dirishani. "Mbona unaukaba usukani hivyo? Umekukosea nini?"

"Ukinitoroka je, kaka?"

"Uache utoroke. Wenyewe unajua njia."

Sikumwamini, ila nilijaribu. Nyuma ilipotoka nililegeza vidole, na usukani ukakimbia wenyewe kuelekea kwenye kaunta, haraka kuliko ambavyo mikono yangu ingeweza kuuzungusha. Nilihisi ngozi yake ikipita viganjani. Kazi yangu ilikuwa kuudaka mahali panapofaa na kushikilia mafuta: ukizidisha, unageuka nyuma mbele, ukipunguza, duara linakufa. Na macho nayo hayaangalii boneti. Nilikuwa nalitafuta koni kupitia dirisha la pembeni, shingo imepinda kama ya jogoo.

Maji yalipokauka, shida ikahamia kwenye difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za nyuma. Difu ya kawaida inaachia tairi la ndani lizunguke bure, moshi mwingi, gari haliendi popote. Wengine huichomelea ili tairi zote mbili zizunguke pamoja. Nilikataa, maana ndilo gari langu la kazini, na difu iliyochomelewa inaburuta tairi kila unapokata kona kwenye foleni. Nikatafuta ya LSD, inayozuia tairi moja kuzunguka bure, kwenye spea za mtumba. Iliniuma mfukoni, siwezi kusema uongo.

Jumapili ya tatu tukaongeza koni la pili, tupige umbo la nane. Hapa ndipo penye utamu. Kutoka duara moja kwenda jingine unalipiga gari chenga: unaegemeza uzito upande huu, unapunguza mafuta kidogo, mwili wa gari unalala upande wa pili, usukani unauacha upite viganjani, unaudaka, unakanyaga tena. Ukichelewa kukanyaga gari linanyooka. Ukiwahi, unazunguka kama pia tena. Nilikuwa nawahi kila mara.

Jumapili ya nne, jioni, nane ya kwanza iliunga bila kukatika. Nikapiga ya pili. Ya tatu nililipitia koni juu. Niliposhuka tairi la nyuma kushoto lilikuwa limeanza kuonyesha nyaya, na fundi alikuwa ameinama analifungua, hata hajaniangalia.

"Umeleta spea ngapi?"

Nilikuwa nimeleta moja.