Safu moja ya N na U: nilivyosoma World Series upya

Besiboli niliikuta ukubwani. Nilipoanza zamu za usiku kwenye makao ya wazee huku Minnesota, mzee mmoja asiyepata usingizi ndiye aliyenifundisha, na kila somo lake liliishia mwaka 1987, Minnesota Twins, timu ya huku, walipotwaa World Series, fainali ya besiboli ya Marekani, bila kushinda hata mchezo mmoja ugenini. "Na 1991 tukarudia hivyohivyo," angeongeza, kana kwamba sijawahi kusikia.

Mimi nimelelewa na kandanda, kwa hiyo hilo la nyumbani na ugenini ndilo lililonikamata. Mashabiki wa besiboli wana takwimu za kila kitu, lakini wakikaa kupiga soga wanasimulia mashujaa: nani alirusha, nani aliupeleka mpira nje ya uwanja. Nikanunua daftari, nikaacha majina yote. World Series huamuliwa na ushindi wa mara nne, kwa hiyo ikifika mchezo wa saba, huo ndio unaokata shauri. Niliamua kuorodhesha michezo ya saba tu na kuipa kila mmoja herufi: N ikiwa mshindi alikuwa kwao, U ikiwa alikuwa mgeni.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilikuwa nikisoma jina la bingwa na kukisia uwanja, basi 1945 nikawapa Detroit Tigers N, kumbe mchezo ulichezwa Chicago. Nikachana kurasa, nikaanza tena, safari hii nikitafuta uwanja kabla ya mshindi. Mashindano ya 1903 na yale ya 1919 hadi 1921 niliyatoa kwa kuwa yalihitaji ushindi wa mara tano. 1912 nayo niliiweka kando: ilifika mchezo wa nane, maana mmoja ulikatizwa na giza timu zikiwa sare.

Zikabaki herufi 40, kuanzia 1909 hadi 2025. Nilipozitazama zimepangana wima, nilidhani nimekosea tena. Kati ya 1952 na 1979 kulikuwa na michezo ya saba 16, na wageni walishinda 13. Kisha, kuanzia 1982 hadi 2011, N tisa mfululizo bila U hata moja. Halafu 2014, 2016, 2017, 2019 na 2025: U, U, U, U, U.

Nilikesha nikitafuta sababu. Huenda ni kanuni ya nani awe mwenyeji wa mchezo wa saba? Kwa miaka mingi ligi mbili ambazo mabingwa wake hukutana kwenye fainali hiyo zilipokezana, bila kujali timu ipi ni bora. Tangu 2017 mwenyeji ni yule mwenye rekodi nzuri zaidi ya msimu, na hapo ndipo wenyeji wanapolia: Houston Astros walishinda michezo 107 msimu wa 2019, Washington Nationals 93, na Nationals wakaenda kuchukua kombe Houston. Kanuni haielezi kitu. Nikatoa sarafu mfukoni, nikairusha mara 40, usiku baada ya usiku. Mfululizo wa tisa sikuupata, ila wa saba niliupata, na kwa hesabu hata huo wa tisa utatokea kama mara 6 katika kila majaribio 100 ya kurusha sarafu mara 40. Si muujiza, basi. Nilisikitika kidogo, sitaficha.

Ila daftari lilikuwa na kingine. Nilirudi kwenye mashindano hayo nikajaza herufi za michezo yote sita ya awali, nikakuta mara saba tu ambapo kila mmoja wa hiyo sita ulishindwa na timu iliyokuwa kwao: 1955, 1956, 1965, 1971, 1987, 1991 na 2001. Katika nne za kwanza, mgeni aliiba mchezo wa saba. Katika tatu za mwisho, mwenyeji aliulinda. Hata 1955 na 1965 zinafanana kama mapacha: zote walichukua Dodgers, kwanza wakiwa wa Brooklyn, kisha wa Los Angeles, na zote kwa 2-0.

Nilimsomea mzee, nikijua atafurahi kusikia Twins wake ndio waliovunja mkosi. Nilipofika 1965 nikanyamaza, kwa sababu ndipo nilipoona waliopokonywa nyumbani mwaka ule walikuwa Twins hao hao. Miezi yote ile hakuwahi kuutaja mwaka huo.

"Koufax," alisema, akimtaja mrushaji wa Dodgers. "Alikuwa amepumzika siku mbili tu. Siku mbili! Na hatukupata hata alama moja."

Nikamuuliza kama alikuwa uwanjani. Akaniomba nimzimie taa. Usiku ule hakunisimulia 1987.