Nilivyomfuta mkulima asiyehusika

Msimu mmoja wa korosho nilikaa wiki tatu kwenye ghala la chama cha msingi, kijiji kimoja huku Tandahimba, nikimsaidia karani kuingiza uzito wa magunia kwenye kompyuta. Haikuwa ajira. Karani ni kaka yangu wa ukoo, na mimi ndiye ninayeitwa kila simu ya mtu ikigoma. Nikamtengenezea ukurasa mdogo: jedwali lenye jina la mkulima, namba ya stakabadhi, kilo, daraja, na kitufe chekundu cha "Futa" mwishoni mwa kila mstari. Kumbukumbu niliziweka kwenye kivinjari chenyewe, ndani ya localStorage, kwa sababu mtandao pale ghalani huja ukipenda.

Kazi ya kitufe ilionekana ya mchezo. Ukibonyeza, ukurasa ujue ni mstari wa ngapi, kisha uutoe.

Mara ya kwanza, kwa JavaScript (lugha inayoufanya ukurasa utende), nilizungusha lupu (amri inayojirudia) yenye kihesabu var i, kila kitufe nikakipa kazi ya kutaja namba ya mstari wake. Nikabonyeza cha kwanza, kikaniambia 40. Cha pili, 40. Cha mwisho, 40. Wakulima walikuwa 40, na JavaScript huanza kuhesabu kwenye 0, kwa hiyo mwenye namba 40 hakuwepo kabisa. Vitufe vyote vilikuwa vinachungulia i ileile moja, na hadi mtu anabonyeza, lupu imeshafika mwisho. Dawa yake ni kuandika let badala ya var, ili kila kitufe kiwe na i yake; let iliingia kwenye lugha mwaka 2015. Ila nikaona vitufe 40 vyenye kazi 40 ni mzigo wa bure. Nikaweka kazi moja tu kwenye jedwali zima:

const mstari = e.target.closest('tr');
orodha.splice(mstari.rowIndex, 1);
mstari.remove();

closest inaanzia pale kidole kilipogusa na kupanda juu hadi ikutane na tr, yaani mstari wa jedwali. rowIndex inasema tr hiyo ni ya ngapi. splice inamtoa mwenye nafasi hiyo kwenye orodha, yaani kumbukumbu, na remove inautoa mstari machoni. Nikajaribu, mstari ukatoweka, nikamkabidhi kaka, nikaenda kula.

Kesho yake asubuhi akaja babu mmoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mjukuu wangu, jana nilisomewa jina langu humo. Leo naambiwa simo."

Nilihisi jasho. Tangu stakabadhi ghalani iingie kwenye korosho hapa Mtwara, msimu wa 2007/2008, mkulima akishapima haondoki na fedha. Anaondoka na karatasi, anasubiri mnada. Ukimpotezea jina, umeshika hela yake. Bahati nzuri kaka hakuliacha daftari lake hata siku moja (kompyuta yangu hakuiamini, na alikuwa sahihi), babu akarudishwa na kilo zake zote.

Kosa lilikuwa limejificha vizuri. rowIndex huhesabu mistari ya jedwali zima, na mstari wa vichwa nao umo. Vichwa vikachukua 0, mkulima wa kwanza akawa 1. Lakini kwenye orodha yangu mkulima wa kwanza ni 0, na 1 ni jirani yake. Machoni aliondoka aliyebonyezwa, kwenye kumbukumbu akaondoka anayemfuata. Huoni kitu hadi ukurasa ufunguliwe upya. Na ukimfuta wa mwisho, hafutiki mtu, kesho unamkuta amekaa palepale.

Nikatoa 1. Ikatulia siku mbili. Kisha kaka akataka kilo zigawanywe daraja la kwanza na la pili, nikaongeza mstari wa pili wa vichwa, na ugonjwa ukarudi uleule. Hapo ndipo nikaheshimu sectionRowIndex. Hiyo haihesabu jedwali, inahesabu ndani ya sehemu mstari ulipo: kama ni tbody (mwili wa jedwali), basi tbody peke yake, kuanzia 0. Vichwa vikikaa kwenye thead (sehemu yao ya juu), viwe viwili au vitano haijali. Na hata usipoandika tbody kwenye HTML yako, kivinjari hukuwekea.

Ningeishia hapo kama kaka asingetaka kupanga majina kwa alfabeti. Mistari ikahama, orodha ikabaki ilivyokuwa, na namba ya nafasi ikawa haina maana tena. Kiti cha tatu leo amekaa Halima, kesho amekaa Mussa. Tulichohitaji kilikuwepo siku zote kwenye karatasi ya babu: namba ya stakabadhi. Nikaiandika kwenye kila tr kama data-stakabadhi, nikaisoma kwa mstari.dataset.stakabadhi, nikamtafuta mwenyewe kwa findIndex, inayorudisha nafasi yake kwenye orodha.

Hata hapo nusura nianguke. dataset hurudisha maandishi, mimi kwenye orodha nilihifadhi namba. Ukilinganisha kwa === (usawa kamili, hata wa aina) hazilingani kamwe, findIndex inarudisha -1 (yaani hayupo), na splice ikipewa -1 inamkata wa mwisho kimyakimya. Safari hii nilikuwa najaribu kwa majina ya kubuni. Nikabadilisha stakabadhi zote ziwe maandishi, na nikaweka sharti: ikirudi -1, usiguse kitu.

sectionRowIndex bado naitumia, lakini kwa safu ya "Na." peke yake, nikiijumlishia 1 ili hesabu isianze na sifuri. Wazee hawaelewani na sifuri.

Nilipomwonyesha kaka, alitazama kile kitufe chekundu muda mrefu, akafunua daftari. "Mdogo wangu, umeona humu kuna kufuta? Tunapiga mstari juu, tunasaini pembeni."

Sasa kitufe kimeandikwa "Batilisha". Jina linabaki, limekatwa kwa mstari, na walio chini yake hawasogei.